Mashine Zile Hazikujua Kiingereza

Wiki tatu zilizopita nilikaa kwenye mazungumzo ya waandishi hapa Dar, moja ya zile jioni ambazo viti vya plastiki hujaa kabla kipaza sauti hakijakubali kuwaka. Mmoja wa wazungumzaji, mwandishi ninayemheshimu na ambaye riwaya zake tatu zipo kwenye rafu yangu, alisema sentensi iliyopigiwa makofi kuliko zote usiku ule: kompyuta haikuumbwa kwa ajili ya Kiswahili. Ushahidi wake? Ule mstari mwekundu. Unaandika "walipokutana", unachorewa mstari. Unaandika "mvua", mstari. Ukurasa mzima unaonekana kama daftari la mtoto aliyefeli imla. Mashine, alisema, inatuambia kila siku kwamba lugha yetu ni kosa. Ukumbi ukalipuka.

Nami nilipiga makofi, nasema kweli. Aibu ilinijia baadaye, nimesimama kwenye daladala, nilipokumbuka kwamba mambo haya ninayajua kidogo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa na ugonjwa wa kusoma habari za programu za zamani za kuandikia (kwa Kiswahili sanifu tunaambiwa tuziite vichakata matini, jina linalonifanya nifikirie mashine ya kukoboa mahindi). Na historia ya programu hizo haisemi alichosema kaka yangu yule. Inasema kinyume chake, na inasema kitu kibaya zaidi kuhusu sisi.

Tuanze Desemba 1976, Marekani. Kompyuta ya mtu binafsi ilikuwa na umri wa karibu miaka miwili tu. Altair 8800 ilitoka mwaka 1975, na wengi waliinunua ikiwa vipande vya kuunganisha wenyewe mezani. Michael Shrayer, mtu aliyetokea kwenye kazi za filamu, alikuwa na Altair yake. Alikuwa ameboresha programu moja ya mafundi na sasa alitakiwa kuiandikia kitabu cha maelekezo. Akaona ni kichekesho kuandika maelekezo ya kompyuta kwa taipureta wakati kompyuta yenyewe imekaa pembeni inamtazama. Basi akatunga programu ya kuandikia. Akaiita Electric Pencil, na ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kwa kompyuta ndogo.

Ilifanya nini? Ilikuruhusu kurudi nyuma, kufuta, kuchomeka sentensi katikati ya nyingine. Na mstari ulipojaa, ililibeba neno zima na kulipeleka mstari unaofuata bila wewe kugusa chochote. Leo jambo hilo tunaliona kama kupumua, lakini kwa mtu aliyezoea kengele ya taipureta na kusukuma lile gari lake mwisho wa kila mstari, ulikuwa muujiza. Sasa jiulize: programu ilijuaje kwamba neno limeisha? Iliangalia nafasi tupu. Basi. Palipo na nafasi, neno limeisha. Haikuuliza neno ni la nani.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mashine zile zilitumia orodha ya alama iliyoitwa ASCII, iliyopangwa na Wamarekani katika miaka ya 1960, yenye nafasi 128 tu. Ndani yake mna herufi 26 kubwa, 26 ndogo, tarakimu, vituo na amri za mashine. Kwa hiyo ndiyo, ilipangwa kwa ajili ya Kiingereza, hilo silibishi. Lakini hebu tazama nani aliachwa nje. Mfaransa na é yake aliachwa. Mjerumani na ü yake. Myoruba na nukta zake za chini. Mvietinamu ndiyo usiseme. Na Mswahili? Tunatumia herufi zile zile, tena mbili hatuna kazi nazo, na ng'ombe wetu anahitaji alama moja ya juu ambayo ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Tuliingia mzima mzima. Ni bahati yenye uchungu, najua. Kama bado tungekuwa tunaandika kwa herufi za Kiarabu, kama washairi wa Pate na Lamu, mlango huo tungeukuta na kufuli. Lakini tulioukuta ulikuwa wazi.

Twende mbele hatua moja. Seymour Rubinstein alianzisha kampuni ya MicroPro mwaka 1978, na mtunzi wake wa programu, Rob Barnaby, akaandika WordStar. Kama umewahi kusikia kwamba George R. R. Martin anaandika vitabu vyake kwenye kompyuta ya kale isiyo na intaneti, programu anayotumia ni hiyo, toleo la 4.0. WordStar ilikuwa na ujanja mmoja wa kubana matumizi. Kila herufi ilikaa kwenye chumba chenye biti 8, lakini ASCII ilihitaji 7 tu. Ile ya 8 ilikuwa bure. WordStar ikaichukua na kuiwasha kwenye herufi ya mwisho ya kila neno, iwe alama yake ya siri ya kupangia mistari. Ujanja mzuri, isipokuwa kwamba lugha zenye herufi za ziada zilihitaji biti hiyo hiyo ya 8 ili zipate pa kukaa. Kwa hiyo wakati Mfaransa anahangaika na ujanja wa pembeni ili é yake isivurugike, Mswahili mwenye WordStar angeandika riwaya kuanzia sura ya kwanza hadi tamati bila kupoteza hata nukta.

Tena Kiingereza chenyewe hakikutoshea vizuri kwenye mashine zote za enzi hiyo. Apple II na TRS-80, zote za mwaka 1977, zilitoka bila herufi ndogo kwenye skrini. Kila kitu HERUFI KUBWA, kama tangazo la mnada. Apple Writer ilipokuja mwaka 1979 ililazimika kuzigeuza rangi zile herufi zilizokusudiwa kuwa kubwa, nyeupe kuwa nyeusi, ili mwandishi ajue ipi ni ipi. Huyo ndiye mwenye lugha yake! Wenyeji wanalala sebuleni halafu sisi wageni tunalalamika kwamba hatukupewa kitanda.

Hata mishale ya WordStar haikuwa na lugha. Unabonyeza Control pamoja na E kupanda juu, X kushuka, S kwenda kushoto, D kwenda kulia. Ukizitafutia maana kwa Kiingereza hutaipata, kwa sababu haipo. Zilichaguliwa kwa sababu ya mahali zilipokaa chini ya vidole vya mkono wa kushoto, zikaunda umbo la almasi. Amri nyingine zilitoka kwenye maneno ya Kiingereza, na menyu nzima ilikuwa Kiingereza, siwezi kukataa. Ila menyu ni kitu cha kukariri. Kukariri maneno arobaini ya kigeni si sawa na kuambiwa maneno yako elfu arobaini hayapo.

Najua hili kwa sababu ya shangazi yangu. Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja mjini, na likizo za shule nilikuwa napelekwa kukaa chini ya meza yake na karatasi za kuchora. Skrini yake ilikuwa ya bluu tupu, na juu ya kibodi, sambamba na vile vitufe vya F, kulikuwa na kipande cha kadi chenye maandishi mekundu, ya kijani, ya bluu na meusi. Nilikuja kujua ukubwani kwamba ile ilikuwa WordPerfect 5.1, ya mwaka 1989, iliyotoka kwa kampuni ya Utah ambayo Alan Ashton na Bruce Bastian waliianza kwa kutengeneza programu ya kuandikia kwa ajili ya mji wa Orem. Rangi zile zilimwambia kitufe kipi kishikwe pamoja na kipi. Kijani ni Shift: Shift na F7, karatasi inatoka kwenye printa. Shangazi Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Alichapa mihtasari ya vikao kutwa nzima, kwa Kiswahili, kwa kasi ambayo mimi na shahada yangu sijaifikia mpaka leo.

Nilimpigia simu wiki iliyopita. "Shikamoo shangazi. Hivi ile kompyuta yenu ya bluu iliwahi kukuchorea mistari mekundu?" "Marahaba mwanangu. Mistari ya nini tena?" Nikamweleza. Akacheka. "Aah, hapana. Aliyekuwa ananichorea mistari ni bosi, kwa kalamu."

Siyo kwamba WordPerfect haikuwa na kikagua tahajia. Ilikuwa nacho, kwenye Control na F2. Lakini kilikuwa mlango, usipobisha haukufunguka. Kabla yake, MicroPro waliuza kikagua tahajia cha WordStar, SpellStar, kama programu ya kando ya kulipia. Ukaguzi ulikuwa kazi nyingine, ya wakati mwingine, kama unavyompelekea mhariri ukishamaliza. Ukiwa unaandika, unaandika. Mashine haikujua Kiingereza, haikujua Kiswahili, ilijua nafasi tupu na mwisho wa mstari.

Mstari mwekundu una tarehe ya kuzaliwa: Word ya mwaka 1995. Microsoft Word yenyewe ilikuwapo tangu 1983, na kwa miaka kumi na mbili haikukagua tahajia ila ilipoambiwa. Mwaka 1995 ndipo ikaanza kusoma begani kwako wakati bado unaandika, na mtu ambaye hakuiambia lugha anayoandikia alisomwa kwa lugha iliyokutwa kwenye mashine. Kwa hiyo kaka yangu wa kipaza sauti, ulichokiona si maumbile ya kompyuta. Ni uamuzi wa kampuni moja, uliofanywa karibu miaka ishirini baada ya Shrayer. Na si sisi tu tuliouchukia. Martin alipoulizwa kwenye televisheni mwaka 2014 kwa nini anang'ang'ania WordStar, alisema hataki msaada wa programu inayomsahihishia herufi na maneno. Mtu anayebuni majina ya falme zisizokuwapo anachorewa mstari kama wewe unayeandika "mvua".

Sasa mtu ataniuliza: sawa, lakini mbona Kiingereza kilipata kamusi ndani ya mashine na sisi hatukupata? Swali zuri, na jibu lake limo ndani ya sarufi yetu. Vikagua tahajia vya mwanzo vilikuwa orodha tu. Unachukua maneno, unayabana yakae kwenye diski, unalinganisha. IBM PC ya kwanza, mwaka 1981, diski yake ilibeba kilobaiti 160. Hapo huna nafasi ya kutamba. Kiingereza kinavumilia orodha kwa sababu kitenzi chao kina maumbo manne au matano. Chukua chetu, "soma". Nafsi sita, nyakati nne tu za kawaida: nasoma, nilisoma, nitasoma, nimesoma na wenzake, tayari maumbo 24. Bado hujakanusha. Bado hujaweka kitu kinachosomwa, nakisoma, naisoma, nayasoma. Bado hujasomea, hujasomesha, hujasomewa, na bado hujaingiza "-po-" na "-cho-" katikati. Kitenzi kimoja kinameza diski. Orodha haifai. Inahitajika kanuni inayojua kuvua viambishi kimoja kimoja mpaka ifike kwenye mzizi.

Na hapa ndipo hasira yangu inapohama kutoka Marekani. Maana sisi si watu pekee tunaogundisha viambishi. Charles Simonyi, aliyeongoza kazi ya Word pale Microsoft akiwa na Richard Brodie, alizaliwa Budapest. Lugha ya mama yake, Kihungaria, inabandika viambishi kama yetu. Waandishi wa programu wanamkumbuka pia kwa mtindo wake wa kuweka kiambishi mbele ya jina la kila kitu ndani ya programu ili msomaji ajue mara moja kitu hicho ni cha aina gani. Wakauita mtindo wa Kihungaria. Mswahili akiuona atasema: hizi si ngeli hizi? Wafini nao wana tatizo hilo hilo. Mwaka 1983, mwaka ule ule Word ilipotoka, Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alichapisha njia ya kuifanya kompyuta ichambue maneno ya namna hiyo, akianza na Kifini chake. Hakusimama jukwaani kusema mashine haikuumbiwa Kifini. Kisha Arvi Hurskainen, wa chuo kikuu hicho hicho, akaichukua njia hiyo na kuitumia kwa lugha gani? Kiswahili. Makala yake juu ya kazi hiyo ni ya mwaka 1992. Yaani miaka mitatu kabla ya mstari mwekundu kuzaliwa, kuvua viambishi vya vitenzi vyetu kwa kompyuta kulishawezekana, na kulifanyikia kwenye theluji.

Sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sitaki kumcheka aliyetia saini. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba, zilinunuliwa kwa fedha za kigeni tulizokuwa tukizihesabu senti kwa senti, na jaribio la kuziachia hesabu za serikali lilikuwa limetutia hasara. Lakini tazama saa ilivyokuwa inasoma. Mwaka uliofuata Altair ikatoka. Miaka miwili, Electric Pencil. Herufi zetu 24 zilikuwa zimekaa ndani ya mashine ile zinatusubiri, na sisi tulikuwa tumefunga mlango kwa ndani. Marufuku ikalegea, kompyuta zikaja, shangazi akachapa. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu ya Kiswahili tupu, ya bure kabisa. Bure! WordStar iliuzwa dola 495. Niambie, msomaji, ni wangapi kati yetu tunaojiita wapenzi wa lugha tuliiweka kwenye mashine zetu? Mimi sikuiweka. Nilikuwa shule, nilisikia habari zake, nikaona "hariri" na "hifadhi" zinachekesha kwenye menyu.

Mnaweza kusema natetea makampuni. Sitetei. Kule ninakofanya kazi, programu ya kupangia kurasa inakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Nimeona kwa macho yangu "mw-ananchi" ikichapwa gazetini, na "serik-ali". Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Hakuna lugha rahisi kuikata kama hii, mtoto wa darasa la pili anakata kwa makofi. WordStar, ikifika kwenye neno refu, ilisimama ikakuachia wewe uamue pa kuweka kistari. Mashine ya zamani ilikuwa na adabu ya kutuuliza. Lakini nilipomuuliza fundi wetu kwa nini mpangilio haubadilishwi, alinijibu, "Hakuna aliyewahi kuomba." Miaka yote hiyo. Chumba kizima cha wahariri wa Kiswahili, na mimi nimo, tunasoma "mw-ananchi" asubuhi na chai.

Na sisemi turudi kwenye skrini ya bluu. Shangazi alipoteza mhtasari wa siku nzima umeme ulipokatika, akalia. Ninachokataa ni uzushi kwamba tulifukuzwa. Uzushi huo unapendeza jukwaani kwa sababu hauombi mtu afanye kitu.

Jumamosi nilimfuata yule mwandishi nyumbani kwake. Hakuchukia, alinikaribisha, akaniita mdogo wake, akaniletea juisi ya ukwaju na kompyuta yake ili nimwonyeshe hayo ninayoyasema. Akafungua riwaya anayoiandika sasa. Wekundu mtupu, kama alivyosema. Nikamwomba abonyeze pale chini ya dirisha, panapoandikwa lugha ya waraka. Palisomeka Kiingereza cha Marekani. Riwaya tatu, kaka, na ya nne njiani, na kila siku umekuwa ukimwambia Mmarekani akusomee. Kwenye orodha ile Kiswahili kimo. Tukakichagua, tukapakua kilichohitaji kupakuliwa, bando langu likaisha nusu. Mistari ikafutika ukurasa baada ya ukurasa, ikabaki michache, mingi chini ya majina ya watu na maneno ya pwani aliyoyatumia kwa makusudi.

Mmoja ulikuwa chini ya "walipokutna". Akavaa miwani, akalitazama neno kwa muda, akalisahihisha.